Ukimwamsha Aliyelala, Utalala Wewe

Wahenga wetu wa pwani walisema kwamba ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa mtoto wa chuoni, na siku zote nilidhani yasemwa kwa wachokozi wa barazani, wale wapendao kufukua ugomvi uliokwisha zikwa. Sikujua kwamba siku moja nitaiona kwa macho yangu, imejikunja kando ya njia, mbali kabisa na bahari, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria.

Mji wenyewe ni Kisumu. Wazungu wa reli waliuita Port Florence, kwa sababu hapo ndipo ilipokoma, mwaka 1901, ile reli iliyoanzia kwetu Mombasa. Tangu zama hizo mguu wa mtu wa pwani haujakatika Kisumu. Walikwenda mafundi, wakenda wachuuzi, wakenda walimu wa dini, na wengine wakaoa wakabaki huko. Nami nina damu yangu huko, na nilikwenda kwa harusi ya mtoto wa ndugu yangu.

Harusi ilipokwisha na pilau ikaliwa, vijana wakanijia wakasema, "Ami, hurudi Mombasa bila ya kutembea. Twende tukutembeze tukaone swala." Basi tukatoka, mimi na vijana watatu, na mtoto mmoja wa miaka minane aliyekataa kuachwa nyumbani.

Tulikokwenda ni ile Hifadhi ya Swala ya Kisumu, iliyo ukingoni mwa Ziwa, karibu na mji hata mtu aweza kwenda kwa miguu. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1992 ili wapate kunusurika swalapala waliobaki pale, pamoja na nzohe, yule mnyama wa vinamasini aliye haba siku hizi. Ni mahali padogo, hapafiki nusu ya kilomita moja ya mraba, lakini pana miti, pana nyasi, na pana upepo wa ziwani umfanyao mtu wa pwani akumbuke kwao.

Nakiri kosa langu mapema. Nilikwenda na kanzu yangu ya Ijumaa na makubadhi miguuni, kama niendaye barazani Kibokoni. Vijana nao walivaa ndara. Mtoto alikuwa miguu mitupu, viatu kavibeba mkononi, eti vyambana.

Tulikuwa twatembea, mtoto mbele, ndipo nikaona kando ya njia kitu kama kipande cha gogo lililoungua, kifupi, kinene, chenye alama za kahawia mgongoni kama vichwa vya mishale. Nilikuwa nimekwisha kupita nacho kwa macho, nikiendelea na mazungumzo, ndipo gogo lile likavuta pumzi. Lilitoa sauti ya mvukuto wa mhunzi. Wallahi, maneno yalinikauka kinywani.

Alikuwa moma, ambaye wengine humwita kifutu na wengine bafe. Mguu wa mtoto ulikuwa hatua mbili kutoka kichwa chake.

Nilimvuta mtoto nyuma kwa ukosi wa shati. Na hapo hapo mmoja wa vijana akainama akaokota jiwe. Askari wa wanyama aliyekuwa nyuma yetu akamshika mkono, taratibu tu, akamwambia, "Mwache. Hana habari nawe. Tukirudi nyuma hatua tano, kisa kimekwisha."

Tukarudi nyuma hatua tano. Kisa kikaisha. Nyoka akabaki alipo, sisi tukazunguka kwa upande mwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiri jiwe lile kuliko nyoka mwenyewe. Kijana yule ni mtu mpole, aliyesoma, hapigi hata paka. Nani aliyemfundisha kwamba akimwona nyoka, jambo la kwanza ni kuinama na kuokota jiwe? Jibu nalijua. Tulimfundisha sisi.

MGENI NI NANI?

Sisi watu wa pwani twajisifu kwa adabu. Hatuingii nyumba ya mtu ila tumebisha hodi, na tukiingia twavua viatu. Twajua mgeni akae wapi, na anyamaze wakati gani. Lakini tukiingia katika hifadhi au mbuga, adabu zote twaziacha langoni pamoja na tikiti. Twapiga kelele, twatupa mifupa ya kuku, twaacha njia, twatia mikono mapangoni. Na tukimkuta mwenye nyumba amelala mlangoni pake, twataka kumpiga.

Dai langu leo ni hili: usalama wetu kwa nyoka, kwa sehemu kubwa, ni jambo la adabu. Ajuaye kuwa mgeni, nyoka hana haja naye. Na asiyejua kuwa mgeni, wala jiwe wala ushujaa havitamfaa.

Nitazameni wenyewe kama nasema uwongo. Nyoka hana meno ya kututafuna wala tumbo la kutumeza, ukimtoa chatu mkubwa. Sumu yake ni chombo cha kuwindia panya na vyura, na akiimwaga kwa binadamu amepata hasara, kwani hawezi kumla. Hana masikio ya nje kama yetu, lakini hatua zetu azisikia kwa mtikisiko wa ardhi, na wengi katika hao hutoweka kabla hatujafika. Anayeumwa aghalabu ni mmoja wa wawili: aliyemkanyaga bila kumwona, au aliyemwona akamwendea.

Moma ndiye wa kuchungwa zaidi, kwa sababu moja. Hakimbii. Mwenyezi Mungu amempa rangi ya majani makavu na mchanga, naye aitegemea rangi hiyo, hulala kimya akitumaini hataonekana. Ndiyo maana wataalamu humtia katika orodha ya nyoka waumao watu wengi mno katika Afrika. Humkuti akimfukuza mtu. Mtu ndiye amwekeaye mguu mgongoni.

Swila ni namna nyingine. Yeye hujiinua, akatanua shingo, akatazama. Huko ni kukwambia rudi. Yuko na yule swila atemaye, ambaye huirusha sumu yake kwenye macho ya mtu aliye hatua mbili tatu mbele yake. Aliyetemewa asisugue macho. Na aoshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa robo saa au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Maji ya kunywa yanafaa, na maji ya bomba yanafaa.

Chatu, kwa Kijaluo ng'ielo, hana sumu. Lakini ana meno, na ana nguvu ya kumviringa mbuzi mpaka roho ikatoka. Asiyekuwa na sumu si mwanasesere, na mtoto asiachwe kumkaribia.

OMIERI WA NYAKACH

Na kwa kuwa nimemtaja chatu, nitawapa kisa kimoja ambacho watu wa Kisumu wote wakijua.

Huko Nyakach, kusini ya mji wa Kisumu, wazee wa Kijaluo wana imani ya tangu kale juu ya chatu waitwaye Omieri. Hutokea vijijini mara chache baada ya miaka mingi, na wao humwona kuwa dalili ya mvua na mavuno mema. Mwaka 1987 Omieri mmoja aliungua katika moto wa nyasi. Wakubwa wakampeleka Nairobi akatibiwe na wataalamu wa nyoka wa makumbusho, na wenyeji wengi hawakuridhia kuondolewa kwake. Akafa huko, na majonzi yakawa makubwa.

Mwaka 2003 akatokea mwingine katika kijiji cha Wasare, huko huko Nyakach. Watu wakamiminika kumtazama. Yakazuka mabishano makali: wazee wasema aachwe, baadhi ya watu wa makanisa wasema hiyo ni ibada ya nyoka, auawe. Habari zake zikafika magazeti ya ng'ambo.

Najua msomaji wangu wa Lamu au wa Malindi hapa atatabasamu, aseme, "Hayo ni ya kwao." Kweli ni ya kwao. Sisi mvua twamwomba aliyeiumba, na nyoka kwetu ni kiumbe kama viumbe vingine. Lakini tukiiweka imani kando, tutazame mwendo. Kijiji kizima kilimwona chatu, na hakuna aliyekimbilia panga. Walisimama, wakashauriana, wakabishana, na kila siku waliyobishana nyoka alikuwa hai na watu walikuwa salama. Sisi tunaojiona tumeelimika, je, twaweza kumwona nyoka tukashauriana kwanza?

Nasi tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Tumesahau tu tuliyosomeshwa. Katika Sahihi ya Imam Muslim imepokewa habari ya kijana wa Madina, wakati wa vita vya Handaki, aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa. Alirudi nyumbani akamkuta nyoka amejikunja juu ya tandiko, akamchoma kwa mkuki, na hapo hapo nyoka akamrukia, wasijue watu ni nani kati yao aliyetangulia kufa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamuru nyoka wa majumbani waonywe siku tatu kwanza, kabla ya kuuawa.

Ni kweli kwamba mwenye madhara ameruhusiwa kuuawa, hata mtu akiwa katika sala. Sisemi mtu amwache swila kitandani kwa mtoto mchanga. Nasema kwamba hata nyumbani kwetu wenyewe, tulipo na haki zote, tulifundishwa subira ya siku tatu. Je, hifadhini, ambako nyoka ndiye mwenyeji na sisi ndio wapita njia, na ambako sheria ya nchi yakataza kumwua mnyama yeyote, tutakosa subira ya dakika tatu?

MAFUNZO TULIYOKWISHA PEWA

Ukiyafikiri, utaona kwamba hadhari zote za wataalamu wa leo zina jamaa zake katika mafunzo ya chuoni. Twafundishwa tukunguze tandiko kwa upindo wa nguo kabla ya kulala, kwa kuwa mtu hajui ni nini kilichoingia nyuma yake. Mlinzi wa hifadhi akikwambia ukung'ute viatu na blanketi asubuhi katika hema, asema neno lilo hilo.

Twakatazwa kukojoa tunduni. Mtaalamu naye asema usitie mkono wala mguu mahali usipopaona: tundu, mwanya wa jiwe, rundo la majani, kichuguu kilichohamwa na mchwa. Na ile hadithi mashuhuri, kwamba muumini haumwi mara mbili katika tundu moja, sisi huitumia kwa mambo ya biashara na ya siasa, na tumesahau kwamba asili ya mfano wenyewe ni tundu lenye mdudu ndani yake.

Basi atakaye kwenda kutembea, na aende hivi. Avae viatu vilivyofunika mguu mpaka juu ya kifundo, na suruali ndefu isiyobana. Makubadhi na ndara, kama yangu ya siku ile, ni vya barazani. Mama zetu na dada zetu wenye mabuibui waunyanyue upindo kidogo na washike katikati ya njia, kwa sababu upindo mrefu huficha mguu usione unapokanyaga. Mtoto asitangulie. Mtu mzima mwenye kuangalia chini ndiye atangulie.

Penye gogo lililolala njiani, usilivuke kwa kuruka. Panda juu yake, tazama upande wa pili, kisha ushuke. Kabla ya kuketi juu ya jiwe, lizunguke. Usiku usitembee bila kurunzi, hata kama ni hatua kumi kwenda chooni, kwani moma hutoka kuwinda wakati huo, na njia yenye joto la jua la mchana huwa tandiko lake. Na nyoka aliyekufa usimshike, kwani si kila aliyenyamaza amekufa, na hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma.

Haya yafaa kwa kila mahali katika pande hizo. Yafaa kisiwani Ndere, mbuga ya taifa tangu mwaka 1986, ambako mtu hushuka mashuani moja kwa moja kwenye mawe na nyasi. Yafaa Kit Mikayi, yale majabali makubwa ya Seme ambayo kila kijana atakaye picha hupanda kwa mikono na magoti. Yafaa Ruma, katika bonde la Lambwe, nyumbani kwa korongo, ambako nyasi hufika kiunoni na ukubwa wake ni kilomita 120 za mraba. Yafaa Dunga, katika mafunjo. Na wakati wa mafuriko hadhari izidi. Mwaka 2020 Ziwa lilipanda hadi kupita kipimo cha mwaka 1964, nyumba za ufukweni zikaingia maji. Maji yakijaa mashimo, nyoka naye ni mkimbizi kama binadamu, na wakimbizi wawili hukutana mahali pamoja pakavu.

Atakaye kumtazama nyoka bila hatari, na aende Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Hapo wamo nyoka walio hai nyuma ya kizuizi, na mtoto ataweza kumjua moma kwa alama zake kabla hajakutana naye njiani. Nasi wa pwani tunao mahali petu hapo Watamu, Bio-Ken, palipoanzishwa na James Ashe na mkewe mwaka 1980. Madrasa zetu hupeleka watoto ufukweni kila likizo. Safari moja katika hizo na ipelekwe kwa nyoka, maana yule nyoka wa kijani wa miembeni na minazini, ambaye sumu yake ni kali, ni jirani yetu sisi, na watoto wetu hawamjui tofauti yake na ukukwi asiye na dhara.

MGUU WA SAHIBU YANGU

Sasa nafika penye uchungu. Ningaliweza kupita kando, lakini ningefanya hivyo makala hii isingekuwa na maana.

Nilipokuwa na miaka tisa, tulikuwa tukicheza mpira wa matambara baada ya chuo. Mpira ukaingia chini ya rundo la makuti. Sahibu yangu, aliyekaa nami ubao kwa ubao, akautia mguu ndani kuuvuta. Akapiga ukelele mmoja tu. Sote tulimwona moma akijivuta taratibu kurudi gizani.

Wakubwa walikuja mbio, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja akamfunga kamba juu ya goti mpaka nyama ikaingia ndani. Mwingine akachanja kwa wembe. Wa tatu akaleta jiwe jeusi la nyoka, likagandishwa kwenye jeraha. Na mwalimu wetu, Mungu amrehemu, akaandika kombe kwa zafarani, akalifutia maji ya waridi, akamnywesha, akakaa karibu naye usiku kucha akimsomea huku machozi yamtoka.

Kamba haikufunguliwa. Siku ya pili mguu ulikuwa mweusi. Siku ya tatu wakampeleka hospitali, na daktari hakuwa na la kufanya ila kuukata. Sahibu yangu yu hai mpaka leo, atembea kwa gongo, ana wajukuu, na hajapata kumlaumu mtu. Lakini mwalimu alijilaumu. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee sana, nilipokwenda kumwamkia aliniuliza habari za yule mwenzangu, kisha akasema, "Nilimpa nusu ya dawa, mwanangu. Nusu ya pili ilikuwa hospitali."

Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Sipingi kisomo. Nani awezaye kukipinga, na hali yajulikana katika Bukhari kwamba sahaba alimsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyedungwa na mdudu mwenye sumu, akapona? Lakini Mtume yule yule alituamuru tujitibu, kwa kuwa hakuna ugonjwa ulioshushwa ila una dawa yake. Na aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, aliambiwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Kisomo na kisomwe ndani ya gari linalokwenda hospitali. Kikisomwa kwa mgonjwa aliyelazwa nyumbani, ngamia hajafungwa.

Na haya msomaji ayakate ayabandike ukutani. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, aketi au alale, asikimbie wala asitembee akiweza kubebwa. Pete, bangili, saa na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Mguu au mkono ulioumwa ukazwe kwa ubao na kitambaa usitikisike, kama ufanyavyo kwa mfupa uliovunjika. Akitapika au akipotewa na fahamu, alazwe ubavu. Kisha hospitali, haraka, kwa chombo chochote, gari, mashua au pikipiki, naye akiwa katikati ya watu wawili.

Asifungwe kamba. Asichanjwe. Sumu isifyonzwe kwa kinywa. Barafu isiwekwe. Jiwe jeusi, ambalo aghalabu ni kipande cha mfupa uliochomwa, halivuti sumu. Hugandia damu na majimaji ya jeraha kama kitu chochote kikavu, nasi tukadhani lafanya kazi. Na nyoka asifukuzwe ili apelekwe kwa daktari, maana huko ni kutafuta mgonjwa wa pili. Itatosha kukumbuka rangi na umbo lake.

DAWA IKO WAPI?

Dawa ya kuvunja sumu ipo. Hupatikana kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, kisha kinga hiyo husafishwa ikawa dawa. Yapasa itolewe na mganga wa hospitali, kwa kuwa huweza kumdhuru asiyeipatana. Kisumu pana hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia kwa kuwa Warusi ndio walioijenga. Lakini kutoka Ruma au visiwani hadi hapo ni safari, na sumu haingoji.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na waliokatwa viungo au kupata vilema ni kama mara tatu ya hao. Mwaka 2017 Shirika hilo liliitia ajali hii katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka nia ya kuvipunguza vifo na vilema hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Waliosahauliwa ni nani? Ni mvuvi, ni mkulima wa mpunga wa Ahero, ni mvuna nazi wa Kilifi, ni mtoto mwenye mpira wa matambara. Mtalii mwenye buti ndefu huumwa kwa nadra.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakubwa wa kaunti, za ziwani na za pwani. Kila zahanati iliyo karibu na mbuga na hifadhi ijulikane kama ina dawa hii au haina, na ibandikwe langoni pale pale panapolipiwa tikiti: dawa iko hospitali gani, na ni mwendo wa saa ngapi. Hilo halitaki fedha nyingi, lataka karatasi na mtu mwenye insafu. Nasi wageni tuwe na desturi ya kuuliza kabla ya kuingia, kama tuulizavyo msikiti uko wapi.

Nilipoondoka Kisumu, yule mtoto wa miaka minane alinisindikiza mpaka kituo cha basi. Alikuwa amevaa viatu. Nikamwuliza kama bado vyambana, akasema, "Vyanibana, Babu, lakini yule nyoka alikuwa karibu." Nikacheka, kisha nikanyamaza, nikamkumbuka mwingine ambaye hakupata nafasi ya kujifunza kwa bei rahisi kama hiyo.

Basi nawaachia ubeti mmoja wa kuwasomea watoto njiani:

Uingiapo porini, tazama unapokita,
Viatu vi miguuni, na njia ukaifwata,
Sitie kono tunduni, wala fimbo ya kuteta,
Alolala mwache ndani, nawe salama 'tapita.